Kujiunga na Polisi wa Jiji la New York: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanaosoma Kiswahili walioko Marekani, au wenye ndugu huko, wanaotaka kuingia Idara ya Polisi ya Jiji la New York, NYPD, ambayo ndiyo kubwa kuliko idara zote za polisi za miji ya nchi hiyo. Watu huanza kwa kuuliza habari za mbio na kupanda ukuta katika jaribio la nguvu. Hayo yanafundishika. Kinachowarudisha wengi nyumbani ni makaratasi na kauli zisizolingana, kwa hiyo sehemu ya upekuzi wa maisha yako ya nyuma tumeirefusha makusudi.

Nina grini kadi, bado sijapata uraia. Naweza kuomba?

Mtihani wa kuingia unaweza kuufanya. Kazi hupewi mpaka uwe raia wa Marekani siku ya kuajiriwa. Kwa kuwa kati ya mtihani na kuajiriwa hupita muda mrefu, mtu ambaye ombi lake la uraia limeshapelekwa hana sababu ya kusubiri cheti kwanza ndipo ajiandikishe mtihani.

Ombi la uraia hupelekwa baada ya miaka 5 ya grini kadi, au miaka 3 kwa aliyeolewa au kuoa raia na wanaishi pamoja. Unaruhusiwa kulipeleka siku 90 kabla ya muda huo kutimia. Piga hesabu vizuri kama umewahi kukaa nje ya Marekani zaidi ya miezi 6 mfululizo, kwa sababu safari ndefu ya nyumbani inaweza kuvunja hesabu ya ukaazi.

Fikiria pia uraia unaouacha. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Sheria ya Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na ya Kongo pia hairuhusu. Mtanzania anayeapa uraia wa Marekani anapaswa kujua hivyo kabla ya kuapa, hasa kama ana ardhi au urithi nyumbani.

Umri unaotakiwa ni upi?

Mtihani unaruhusiwa kuanzia miaka 17 na nusu. Umri wa kuajiriwa na kikomo cha juu vimeandikwa kwenye tangazo la kila mtihani, nalo ndilo la kufuata. Kwa miaka mingi kikomo cha juu kimekuwa 35, na waliotumikia jeshi la Marekani hupunguziwa kwenye umri wao miaka ya utumishi, hadi 6. Kijana wa miaka 19 afanye mtihani mapema: matokeo yake yatamsubiri wakati anaongeza umri na krediti za chuo, yaani vipimo vya masomo aliyomaliza.

Cheti changu ni cha kidato cha nne. Kinatosha?

Hakitoshi peke yake. Tangu Februari 2025 idara inadai krediti 24 za chuo, zikiwa na wastani usiopungua 2.0. Kabla ya hapo zilikuwa 60. Aliyemaliza sekondari na kutumikia jeshi la Marekani miaka 2 kwa heshima anaweza kuingia bila krediti hizo.

Krediti 24 ni kama muhula mmoja na nusu wa kusoma kutwa, au mwaka na zaidi wa kusoma jioni huku ukifanya kazi. Vyuo vya jiji vilivyo chini ya CUNY, chuo kikuu cha umma cha New York, ndivyo vya bei nafuu kwa mkazi wa jimbo. Kama ulisoma diploma au chuo kikuu Nairobi, Dodoma au Bukavu, masomo hayo yanaweza kuhesabiwa, lakini sharti yapitie kwa kampuni ya kutathmini vyeti vya nje inayokubaliwa na jiji. Omba tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla husema tu kwamba shahada yako ni sawa na fulani, haionyeshi krediti. Na anza na chuo chako cha zamani: nakala rasmi ya matokeo ikitakiwa kutoka huko moja kwa moja, ofisi ya msajili inaweza kuchukua miezi.

Lazima niishi ndani ya jiji?

Ndani ya siku 30 za kuajiriwa uwe unaishi katika moja ya sehemu tano za jiji (Manhattan, Brooklyn, Queens, Bronx, Staten Island) au kaunti za Nassau, Suffolk, Westchester, Rockland, Putnam na Orange. New Jersey haimo, hata kama kutoka Jersey City unafika Manhattan kwa dakika chache. Mkazi wa jiji anapata faida nyingine tutakayoitaja kwenye alama.

Mtihani unaulizwa nini hasa?

Unaendeshwa na idara ya utawala ya jiji, DCAS, kwenye kompyuta, katika vituo vyake vya mitihani. Maswali ni ya kuchagua jibu, na alama ya kufaulu ni 70. Sheria ya New York hutakiwi kuijua. Wanapima kusoma na kuelewa, kuandika kwa ufasaha, kumbukumbu, kupanga taarifa kwa mfuatano, kusoma ramani na kutoa hitimisho.

Sehemu ya kumbukumbu huwashangaza watu. Unaonyeshwa picha ya mtaa kwa muda mfupi: duka lenye namba mlangoni, gari limeegeshwa karibu na bomba la zimamoto, mtu kavaa kofia anavuka barabara. Picha inaondolewa, huruhusiwi kuandika chochote, kisha maswali yanakuja. Jizoeze kuitazama kwa utaratibu mmoja kila mara, kwa mfano kushoto kwenda kulia, halafu mbele kwenda nyuma, badala ya macho kurukaruka.

Kwenye maswali ya sheria kosa kubwa ni kujibu kwa unachokijua. Swali linaweza kukupa maana ya unyang'anyi kuwa ni kuchukua mali kwa kutumia nguvu au kutishia kuitumia papo hapo. Halafu unasimuliwa kisa: mtu kakuta mlango uko wazi, kaingia, kachukua kompyuta, katoka bila kukutana na yeyote. Moyo unasema huyu ni jambazi. Kwa maana uliyopewa, unyang'anyi haupo hapo kwa kuwa nguvu haikutumika. Jibu kwa maandishi yaliyo mbele yako, basi.

Kwenye ramani zingatia mishale ya barabara za njia moja. Jibu fupi zaidi kwa macho mara nyingi ndilo linalokupeleka kinyume cha mshale.

Nilifaulu kwa alama 88. Mbona sijaitwa?

Kufaulu kunakuweka kwenye orodha, na orodha inakwenda kwa namba. Kwa alama ya kufaulu, mkazi wa jiji huongezewa 5, mwanajeshi wa zamani anayestahili 5, na aliyepata ulemavu jeshini 10. Kwa hiyo 88 bila nyongeza inaweza kuwa nyuma ya mtu aliyepata 84 akiwa anaishi Bronx. Nyongeza hizi lazima uzidai wewe mwenyewe.

Jambo la pili ni sheria ya mmoja kati ya watatu: mwajiri anaweza kuchagua mmoja kati ya watatu wanaofuatana kwenye orodha. Na la tatu, la kusikitisha, ni anwani. Watu huhama nyumba, hubadilisha namba ya simu na barua pepe, wito unakwenda kwa anwani ya zamani, siku zinapita. Ukihama, badilisha anwani DCAS na idarani, kwa sababu ofisi moja haiiambii nyingine kwa niaba yako.

Upekuzi unaangalia mambo gani?

Karibu kila kitu tangu ulipoanza kujitegemea. Unapewa mpelelezi wako na unajaza fomu ndefu: kila nyumba uliyoishi, kila kazi uliyofanya, kila shule, kila gari, kila tiketi ya barabarani, kila mara uliposimamishwa, kukamatwa au kuitwa mahakamani, madeni, kodi, ndoa na talaka, matunzo ya watoto, wenzako wa nyumbani. Mpelelezi anawapigia waajiri wa zamani na anaweza kuongea na majirani.

Andaa mapema, asili na nakala: cheti cha kuzaliwa, cheti cha uraia, kadi ya Social Security, leseni halali ya udereva ya Jimbo la New York, vyeti vya shule, marejesho ya kodi ya miaka ya karibuni, na hati ya mahakama inayoonyesha kila kesi iliishaje. Karatasi isiyo ya Kiingereza iende na tafsiri yenye kiapo cha mfasiri. Cheti cha Kifaransa kutoka Lubumbashi bila tafsiri ni sawa na kutokileta.

Wapi watu wetu hukwama? Kwanza kazi za pesa taslimu. Ulibeba mizigo miezi mitano, au ulimlea mzee wa watu kwa malipo ya mkononi, ukaona si kazi ya kuandika. Lakini miezi mitano yenye pengo itaulizwa, na ukishasema ulifanya kazi, litafuata swali la kodi. Afadhali umwone mtaalamu wa kodi urekebishe marejesho kabla ya fomu kuliko kujieleza baadaye.

Pili, nyumba za kukaa na ndugu. Mkataba ulikuwa wa mjomba, jina lako halimo popote. Tafuta barua za benki, bili ya simu au kadi ya kliniki yenye anwani ile, na mjomba awe tayari kupokea simu.

Tatu, madeni. Kuwa na deni hakukufungii mlango. Kulikimbia ndiko kunakoleta maswali: faini za maegesho zilizorundikana, ada za barabara ambazo hazikulipwa, kadi ya mkopo iliyoachwa. Weka mpango wa malipo na uwe na risiti za angalau malipo machache.

Nne, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, kuficha. Jambo dogo la miaka kumi iliyopita likielezwa linaweza kupita. Jambo lile lile likifichwa halafu likaonekana, tatizo linakuwa uongo, na askari ni mtu atakayeapa mahakamani kila mara. Usimwache ndugu akushauri kuacha mstari wazi.

Karatasi zangu zinasema nilizaliwa 1 Januari, na jina la ukoo limeandikwa namna mbili.

Hili ni la kawaida kwa waliopitia kambi za wakimbizi, Nyarugusu, Kakuma au Dadaab, ambako tarehe isiyojulikana iliandikwa 1 Januari. Tumia tarehe na jina lililo kwenye cheti cha uraia katika kila fomu, bila kubadilisha hata herufi. Usijaribu kurekebisha tarehe katikati ya maombi ili ipendeze. Kwa jina lililoandikwa tofauti shuleni, kazini au hospitalini, jaza sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, na uambatishe barua fupi ya maelezo. Kama hakuna cheti cha kuzaliwa kabisa, mwambie mpelelezi mapema na uulize ni karatasi gani za uhamiaji atakazokubali badala yake.

Ukiombwa uthibitisho wa tabia kutoka ulikoishi ukiwa mtu mzima, Mkenya huupata DCI, kurugenzi ya upelelezi wa jinai, kile cheti cha tabia njema tunachokijua. Usisubiri uombwe ndipo uulize utaratibu.

Nilikamatwa zamani, kesi ikafutwa na faili likafungwa. Niseme?

Sema. Kwa kazi nyingi mwajiri hana ruhusa ya kuuliza faili lililofungwa, lakini sheria ya Jimbo la New York inatoa nafasi ya pekee kwa anayeomba uaskari, na idara itaiona rekodi hiyo. Leta hati ya mahakama.

Yanayofunga mlango moja kwa moja ni kupatikana na hatia ya feloni, yaani kosa kubwa la jinai, kupatikana na hatia ya kosa la ukatili wa nyumbani hata likiwa dogo, na kufukuzwa jeshini kwa aibu. La ukatili wa nyumbani lina sababu iliyo wazi: sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya 1996 inamkataza mtu huyo kumiliki silaha, na sheria hiyo haina msamaha kwa polisi. Mengine hupimwa kwa uzito, muda uliopita na idadi. Makosa madogo mengi yanayojirudia huonyesha mtu asiyejali sheria, na yanaweza kukuangusha.

Bangi si halali New York sasa?

Kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, ndiyo, tangu 2021. Kwa sheria ya shirikisho bado ni haramu, na mtumiaji haruhusiwi kumiliki silaha. Kipimo cha idara ni cha nywele pia, na nywele hutunza kumbukumbu ya wiki nyingi nyuma. Miraa ina tatizo lake: kemikali iliyomo, kathinoni, imepigwa marufuku Marekani. Anayetafuna arusini asidhani ni jambo la utamaduni tu.

Jaribio la nguvu likoje?

Ni mzunguko mmoja usio na mapumziko, dakika 4 na sekunde 28, ukiwa umevaa mkanda wa karibu kilo 5.

Unaanza umepiga goti. Unaamka, unakimbia mita 15, unapanda ukuta wa mita 1.8 na kushuka upande wa pili. Kisha ngazi sita, kupanda na kushuka, mara tatu. Halafu mashine ya kusukuma na kuvuta inayoigiza kumdhibiti mtu anayepinga. Baada yake mbio za takriban mita 180 kuzunguka koni. Halafu unaikamata sanamu ya kilo 80 na kuiburuta mita 10 na kitu. Mwisho unavuta triga ya bastola tupu mara 16 kwa mkono wenye nguvu na mara 15 kwa ule mwingine.

Ukuta huangusha wanaojaribu kujivuta kwa mikono. Fika kwa kasi, piga mguu mmoja ukutani usawa wa nyonga, ule mwendo ukupandishe, ndipo mikono imalizie. Sanamu huwashinda wanaoinamisha mgongo. Ishike chini ya makwapa, iweke karibu na kifua, rudi nyuma kwa hatua fupi. Na usicheke triga. Baada ya dakika nne za kuhema, kidole cha mkono dhaifu kinakufa ganzi. Mpira wa kubana mkononi, kila siku kwa wiki kadhaa, unatosha.

Na mbio za maili moja na nusu?

Zilirudishwa Februari 2025. Kuruta lazima akimbie maili 1.5, yaani kilomita 2.4, kwa dakika 14 na sekunde 21. Kwenye uwanja wa mita 400 ni mizunguko 6 na mita chache, kila mzunguko dakika 2 na sekunde 22. Si kasi ya kutisha, lakini huwezi kuipata kwa wiki mbili. Anza miezi mitatu kabla, siku tatu kwa wiki.

Daktari na mwanasaikolojia wanatafuta nini?

Daktari anaangalia macho pamoja na kutofautisha rangi, masikio, moyo, shinikizo la damu, mkojo na nywele. Nenda na miwani yako na majina ya dawa zote unazomeza. Shinikizo la damu likiwa juu siku hiyo kwa hofu na kahawa, utaambiwa urudi na karatasi za daktari wako, na wiki zinaliwa.

Kwa saikolojia kuna maswali mengi ya kuandika, kisha mahojiano. Maswali mengine yanajirudia kwa maneno tofauti kuona kama unajibu vile vile. Waliopitia vita huuliza kama wataje. Historia ya kukimbia vita au kupata ushauri nasaha haikuondoi yenyewe. Kuikana wakati fomu ya uhamiaji inaitaja, hilo ni jambo jingine.

Depo ni muda gani, na hufundishwa nini?

Ni takriban miezi 6, chuo kiko College Point, Queens. Huendi kulala huko. Unarudi nyumbani kila siku, na unalipwa tangu siku ya kwanza. Kuna sheria ya jinai, utaratibu wa kukamata, mwongozo wa doria, huduma ya kwanza, mazoezi ya mwili, kuendesha gari, na shabaha kwenye uwanja wa Rodman's Neck kule Bronx. Mitihani ya darasani huwaondoa watu, na kuchelewa kunaandikwa. Anayetegemea treni mbili na basi ajaribu safari hiyo alfajiri ya siku ya kazi kabla ya kuanza. Weka akiba pia, kwa sababu sare na vifaa vina gharama zinazomwangukia kuruta mapema.

Ukihesabu na chuo, kipindi cha majaribio ni miaka 2. Katika muda huo unaweza kuachishwa bila mlolongo wa mashauri anaopata askari aliyethibitishwa.

Mshahara?

Kuanzia ni zaidi kidogo ya dola 60,000 kwa mwaka. Baada ya miaka 5 na nusu, ukijumlisha nyongeza za usiku, sikukuu na posho ya sare, unapita dola 120,000. Likizo hufika siku 27 baada ya miaka 5, na ukiugua mshahara hauna kikomo cha siku. Pensheni kwa wanaoingia sasa ni ya miaka 22. Miaka ya mwanzo ni ya kubana kwa kodi za nyumba za New York, na zamu za usiku na wikendi huenda kwa askari wapya. Mwenye watoto wadogo apange nani atabaki nao saa nane usiku kabla hajala kiapo.

Hijabu na ndevu zinaruhusiwa?

Kwa sababu za dini, ndiyo. Mwishoni mwa 2016 idara iliruhusu ndevu za hadi nusu inchi na kilemba chenye beji. Ruhusa huombwa kwa maandishi, na hijabu nayo ina utaratibu wa kuombewa.

Kuna mtu wa kumwona ili jina lipande?

Hakuna. Anayekuambia kuna nafasi ya kununua ni tapeli, na kumpa mtumishi wa umma pesa ni kosa la jinai litakalokufungia kazi hii maisha. Mafunzo ya bure ya kujiandaa kwa mtihani hutolewa na idara yenyewe.

Nimekataliwa. Nifanye nini?

Soma barua mpaka mwisho. Itasema umeondolewa kwa sababu ya tabia, afya au saikolojia, na namna ya kukata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Jiji. Muda huwa mfupi, siku 30 kwa kawaida, na hazisubiri mwanasheria wako arudi likizo. Kwa sababu za kitabibu au kisaikolojia, ripoti ya mtaalamu wako anayejibu hoja za idara moja moja ina nguvu kuliko barua kumi za mchungaji na shehe zinazosema wewe ni mtu mwema.

Siishi New York. Haya yananihusu?

Hatua zinafanana karibu kila jiji, masharti hayafanani. California, tangu 1 Januari 2023, mtu mwenye ruhusa halali ya kufanya kazi anaweza kuwa askari bila uraia. Illinois ilifuata 1 Januari 2024, kwa sharti kwamba sheria ya shirikisho inamruhusu kumiliki silaha. Mwenye grini kadi anayesikia hamu ya kazi hii leo, na asiyetaka kusubiri kiapo cha uraia, aangalie majimbo hayo kwanza, kisha asome tangazo la jiji husika, maana jiji linaweza kuweka sharti lake juu ya lile la jimbo.